Greda au kifusi? Jibu kwa kamati ya barabara ya kijiji

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya barabara ya kijiji. Barabara yetu ya changarawe ina urefu wa kilomita 14 hadi barabara kuu. Ilijengwa na mradi miaka minne iliyopita, tukakabidhiwa ikiwa nzuri. Sasa ina mashimo na makorongo, na kuna sehemu mbili ambazo malori hukwama kila mvua ikinyesha. Njiani kuna makalavati kadhaa na daraja moja la mbao lenye nguzo mbili za mawe mtoni. Tumechanga fedha. Zinatosha ama kukodi greda kwa siku chache, ama kununua kifusi cha kujaza mashimo. Wajumbe wamegawanyika, na wapo wanaosema tusubiri serikali. Tuanze na lipi? Na daraja tulifanyeje?

Jibu:

Ndugu Mwenyekiti,

Msikodi greda kwa sasa, wala msinunue kifusi. Sehemu ndogo ya fedha hiyo inunue zana na mawe. Sehemu kubwa iwe ujira wa watu wachache watakaoitunza barabara mwaka mzima, kila mmoja na kipande chake, na kazi yao ya kwanza iwe kuyaondoa maji barabarani. Najua jibu hili ni gumu kulipeleka mkutanoni. Greda ikipita kila mtu huiona, lakini mtaro uliozibuliwa hakuna anayeutazama. Ndiyo maana nitaeleza kwa urefu, ili uwe na cha kuwajibu wajumbe.

Changarawe nzuri iliyoshindiliwa, ikiwa kavu, hubeba lori lililojaa bila kuacha alama. Ikiloa ndani, na udongo wa chini yake ukiloa pia, nguvu hiyo huporomoka. Lori lile lile lililopita jana bila shida leo linaacha mfuo. Mfuo unashika maji ya mvua inayofuata, maji yanazama pale pale, na gurudumu linalokuja nyuma linachimba zaidi. Kwa hiyo mkikuta shimo, jiulizeni kwanza maji yaliyotuama hapo yalipaswa kwenda wapi na yalizuiwa na nini. Shimo likijazwa kabla swali hilo halijajibiwa, litarudi mvua ijayo, tena kubwa zaidi.

Kinga ya kwanza ni umbo la barabara. Lazima iwe na mgongo: katikati juu, pembeni chini, ili maji yakimbilie mtaroni badala ya kutembea na barabara. Mteremko unaotakiwa kutoka katikati hadi ukingoni ni asilimia 5 hadi 8. Kama barabara yenu ina upana wa mita 5, kila upande una mita 2.5, kwa hiyo katikati pawe juu ya ukingo kwa sentimita 12 hadi 20. Kupima hakuhitaji mhandisi. Chukueni kamba na pimamaji ya fundi mwashi, mmoja aikanyagishe kamba katikati ya barabara, mwingine aivute hadi ukingoni, na ikilala sawa pimeni kutoka kwenye kamba hadi chini. Fanyeni hivyo kila mita 100 na muandike. Mahali penye chini ya sentimita 8, mgongo umekwisha.

Mara nyingi mtakuta mgongo upo ila maji hayatoki, kwa sababu ukingoni kumeota nyasi, nyasi zimeshika udongo, na pamejengeka kigongo kirefu kinachoyarudisha maji barabarani. Hiyo ni kazi ya jembe. Watu wawili kwa asubuhi moja huenda wakaokoa kipande ambacho kamati ilikuwa inakifikiria greda.

Sasa mitaro. Nendeni mkaiangalie barabara wakati mvua inanyesha, si siku ya pili yake. Mtaona maji yakiteremka vizuri mtaroni mpaka kwenye mdomo wa mfereji wa kutolea maji, ule unaochepuka kuelekea mashambani. Pale mdomoni kuna udongo wa majembe matatu hivi, umewekwa na mwenye shamba kwa sababu msimu uliopita maji yalimsombea miche. Maji yanagonga kizuizi kile, yanazunguka, yanapanda ukingo na kuingia barabarani. Yakishaingia yanafuata mfuo wa gurudumu. Yanaanza kuondoa udongo laini unaoshika kokoto, halafu kokoto zenyewe zinaanza kubingirika, na mita mia mbili chini yake korongo limeshafika kwenye udongo wa asili. Atakayekuja kesho jua likiwaka ataliona korongo na kuagiza kifusi. Chanzo kiko mita mia mbili juu, na kiliwekwa kwa jembe.

Yule mwenye shamba msimfanye adui. Ana haki ya kulalamika, maana barabara imekusanya maji ya eneo kubwa na kuyamwaga kwake kwa pamoja. Dawa ni kuongeza idadi ya mifereji ya kutolea maji, ili kila mmoja upeleke maji kidogo yasiyo na nguvu ya kuchimba. Kwa kawaida mifereji hiyo isiachane zaidi ya mita 100, na kwenye mteremko mkali au tambarare inayojaa tope iwe karibu zaidi, hata mita 50 au pungufu. Ichepuke kwa pembe ya wastani, isikate kona ya mraba, kwa sababu maji hayapendi kugeuka ghafla na hapo ndipo tope hujaa. Pale inapowezekana ipitisheni mpakani mwa mashamba mawili, iishie kwenye nyasi, na makubaliano yaandikwe mbele ya uongozi wa kijiji. Wapo wakulima ambao baadaye huja kuyaomba maji hayo. Huko Tigray nchini Ethiopia, na Makueni na Kitui nchini Kenya, maji ya barabara yameelekezwa kwenye mabwawa na makinga maji ya mashambani, na yale yaliyokuwa yakibomoa sasa yanamwagilia.

Mtaro ulio kwenye mteremko unahitaji vizuizi vidogo vya mawe au vya fito zilizochomekwa, ili kasi ya maji ipungue. Mteremko ukiwa chini ya asilimia 4 kwa kawaida havihitajiki. Ukifika asilimia 5, mita 20 kati ya kimoja na kingine zinatosha. Kadiri mteremko unavyozidi ndivyo vinavyosogeleana, hadi mita chache tu. Kuna jambo moja hapa ambalo hata mafundi wazoefu hulikosea: katikati ya kizuizi lazima pawe chini kuliko pembeni zake. Kikiwa sawa juu, au kimetuna katikati, maji yatakizunguka na kuukata ukingo wa barabara, na mtakuwa mmetengeneza korongo kwa mikono yenu. Chini ya kila kizuizi pangeni mawe machache pale maji yanapodondokea.

Na nyasi za mtaroni fyekeni, msizing'oe. Mizizi ndiyo inayoushika udongo. Mtaro uliochongwa ukang'aa wekundu huwapendeza wageni, lakini mvua kubwa ya kwanza huugeuza handaki.

Makalavati yasafishwe kabla mvua hazijaanza, kisha yakaguliwe baada ya kila mvua kubwa. Mkikuta bomba limejaa tope hadi robo, lisafisheni siku hiyo hiyo, msingoje lijae nusu. Kama lina kipenyo cha chini ya sentimita 60 mtapata taabu kulifikia ndani, ndiyo sababu siku hizi mafundi hushauriwa wasiweke dogo kuliko hilo. Watu wengi husafisha upande wa kuingilia wakasahau wa kutokea. Huko kutokea ndiko maji huchimba shimo chini ya bomba, kuta za mawe hubaki zinaning'inia, na siku moja kalavati zima hukatika. Shimo la namna hiyo jazeni mawe makubwa yaliyofungamanishwa vizuri, yakiendelea mbele mita moja au mbili, mpaka maji yatoke yakiwa yametulia.

Hayo yote hufanywa kwa jembe, chepe, sululu, fyekeo, toroli na kamba. Ndiyo maana nasema fedha yenu inatosha.

Kuhusu kifusi, fanyeni hesabu kabla ya kupiga kura. Kilomita 14, upana wa mita 5, tabaka la sentimita 15: hiyo ni mita za ujazo 10,500. Kwa lori la mita za ujazo 7 ni safari 1,500, na hapo sijahesabu kwamba kifusi kilichomwagwa hupungua kikishindiliwa. Tabaka la changarawe hupoteza takriban milimita 20 hadi 30 kwa mwaka, kutegemea magari, mvua na ubora wake. Kiangazi huondoka kama vumbi, masika husombwa. Ikiwa mradi uliwaachia sentimita 15, miaka minne imeshakula pengine sentimita 8 hadi 12. Chimbeni vishimo vidogo katikati ya barabara, kimoja kila nusu kilomita, mpime unene uliobaki, halafu mvifukie na kuvishindilia. Vipande vilivyobaki na chini ya sentimita 5 vinahitaji changarawe mpya, na hiyo ni kazi ya mamlaka ya barabara. Mchango wa kijiji hauwezi kuibeba. Ninyi mnaweza kuhakikisha kwamba ikija haisombwi kama ya kwanza, na mnaweza kuwa na vipimo mkononi vya kuidai.

Viraka vya hapa na pale vinawezekana. Maji yakishaondolewa, chongeni shimo liwe na kingo zilizosimama, toeni tope lote hadi mfike penye ugumu, mwagieni maji kidogo, jazeni kwa matabaka yasiyozidi sentimita 10 na kila tabaka mlishindilie. Acheni kiraka kikae juu ya barabara kwa sentimita mbili tatu, maana magari yatakishusha. Unyevu wa kifusi pimeni kwa kiganja: kikikamatwa na kufumbatwa kikabaki donge lisilotoa maji, kiko tayari. Mawe makubwa kuliko sentimita 5 yatoeni, kwa sababu gurudumu huyang'oa na kuacha mashimo mapya. Udongo wa mtaroni usiingie kwenye kiraka kamwe. Ni tope lililooshwa, na likiloa hurudi kuwa tope.

Greda nayo ina wakati wake. Mgongo ukishapotea kwa kilomita nzima, jembe halitoshi, na hapo ikodini kwa moyo mweupe. Lakini ije mvua zinapoelekea kuisha, udongo ukiwa na unyevu wa kushikamana. Greda inayopita kiangazi kikali bila maji na bila mtambo wa kushindilia huparua changarawe ngumu iliyobaki, huitandaza ikiwa vumbi na kokoto huru, na baada ya wiki chache makunyanzi, yale mawimbi madogo yanayotikisa gari, yamerudi. Msimamizi wenu asimame pale na kamba yake. Dereva avute kutoka pembeni kuelekea katikati mpaka mgongo ufike kipimo kile cha sentimita 12 hadi 20, na asikokote nyasi na tope la mtaroni kuviingiza barabarani. Nimeziona barabara zilizochongwa hivyo mwaka baada ya mwaka mpaka zikashuka chini ya ardhi ya pembeni. Barabara ikifikia hapo imekuwa mto, na mtaro hauna tena pa kupeleka maji.

Zile sehemu mbili za kukwama zinastahili fedha yenu kuliko sehemu nyingine zilizo nafuu. Lori likikwama mahali pamoja, kilomita zote 14 zimefungwa. Kwanza chimbeni mjue udongo ni wa aina gani. Kama ni mfinyanzi mweusi unaovimba ukiloa na kupasuka ukikauka, msimwage changarawe juu yake moja kwa moja, itamezwa. Inueni tuta lisimame juu ya maji ya pembeni, wekeni mawe chini, changarawe juu, na mitaro ikae mbali na mguu wa tuta. Kama tatizo ni mlima wa mteremko unaozidi asilimia 10, changarawe haitakaa hata mkiileta kila mwaka. Hapo jengeni njia mbili za zege, moja kwa kila gurudumu, zenye upana wa karibu sentimita 90, au tandazeni mawe yaliyopangwa kwa mkono kama mnayo karibu. Kipande cha mita 80 kilichotengenezwa hivyo hudumu miaka mingi, na matunzo yake ni kusafisha mitaro tu.

Malori mazito lazima niyaseme, ingawa yanaleta ugomvi. Majaribio makubwa yaliyofanywa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara ya lami au zege hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Uzito ukiongezeka mara mbili, uharibifu ni mara 16. Kwenye changarawe iliyoloa hesabu haifuatani kwa usahihi huo, lakini mwelekeo ni ule ule, na lori moja la magogo linalopita mvua ikiwa bado inadondoka linaweza kuharibu kazi ya msimu. Burkina Faso na Kameruni wana vizuizi vya mvua kwenye barabara za udongo: mvua ikinyesha mti hushushwa, magari mazito husubiri saa kadhaa barabara ikauke, kisha hufunguliwa. Nanyi ombeni kibali cha kufanya hivyo. Wafanyabiashara watanung'unika, lakini wengi hukubali wakionyeshwa kwamba saa chache za kungoja ni nafuu kuliko siku mbili za kukwamuana.

Sasa watu. Kenya ilipoanzisha mpango wake wa barabara za vijijini mwaka 1974, matunzo ya barabara zilizokamilika yalikabidhiwa wakazi wa jirani, kila mmoja akipewa kilomita moja hadi mbili za kuangalia. Colombia ilianza mwaka 1984 kuwapa kazi hiyo vikundi vidogo vya wananchi waliosajiliwa kama kampuni ndogo, na Peru ikafuata katika miaka ya 1990. Kwenu kilomita 14 zinahitaji watu saba hadi tisa, si kwa kazi ya kutwa kila siku bali kwa siku kadhaa za kila mwezi, nyingi zaidi kabla ya mvua na wakati wa mvua, chache kiangazi. Chagueni wanaoishi kando ya kipande chenyewe, wanawake kwa wanaume. Anayeishi pale husikia mvua ya usiku, na alfajiri anajua aende na jembe wapi.

Ujira msiulipe kwa kuhesabu siku. Lipeni kwa hali ya kipande: mitaro iko wazi, mifereji ya kutolea maji inatoa, makalavati hayana tope, hakuna shimo linaloshika maji, nyasi za ukingoni zimeshushwa. Mjumbe mmoja atembee na mtunzaji mwisho wa mwezi, wakague pamoja, waandike, na malipo yatoke wiki hiyo hiyo. Hapa ndipo mipango mingi mizuri huvunjika. Mtunzaji asiyelipwa miezi miwili huacha jembe, na akiacha wakati wa mvua kubwa hasara ya wiki moja huzidi ujira wake wa mwaka. Kama fedha ni chache, afadhali muwe na watunzaji watano mnaoweza kuwalipa kwa wakati kuliko tisa mnaowakopa. Wekeni mawe ya alama yaliyopakwa rangi kila kilomita, ili mtu akisema kalavati limeziba, daftari liandike ni kilomita ya 6 na mita 300.

Kwa wale wanaosema tusubiri, wapeni takwimu moja. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitazama nchi 85 zinazoendelea na kukadiria kwamba barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea katika miongo miwili kwa kukosa matunzo, hasara ambayo ingeweza kuzuiwa kwa matunzo ya chini ya dola bilioni 12. Serikali zenyewe zilisubiri, na zikalipa karibu mara nne. Barabara huharibika polepole miaka ya mwanzo, kisha kwa kasi. Miaka minne ni wakati ambao ujira wa watunzaji bado unaweza kuiokoa.

Daraja nimeliweka nyuma kwa sababu lina hatari ya aina nyingine. Shimo barabarani huchelewesha watu, daraja likianguka huwaua.

Watu hutazama mbao za juu, lakini madaraja mengi hufa kutokea chini. Maji ya mafuriko yakigonga nguzo hupiga mbizi na kuuchimba mchanga unaozunguka msingi. Tarehe 5 Aprili 1987 daraja la barabara kuu kwenye kijito cha Schoharie, jimbo la New York, lilianguka namna hiyo wakati wa mafuriko, na watu 10 wakafa. Lilikuwa la zege na chuma, katika nchi tajiri. Tarehe 4 Machi 2001 daraja la Hintze Ribeiro kwenye mto Douro, Ureno, lilipoteza nguzo usiku na watu 59 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa ndani ya basi. Uchimbaji wa mchanga mtoni kwa miaka mingi ulikuwa umechangia kushusha sakafu ya mto. Hilo la mchanga lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji bila kusita: marufuku kuchota mchanga au mawe karibu na daraja, juu na chini yake. Wanaochota kwa kawaida ni majirani, tena wanachota kwa ajili ya kujengea nyumba zao, kwa hiyo waonyesheni mahali pengine pa kuchota badala ya kuwafukuza tu.

Kupima msingi ni rahisi. Chukueni kamba yenye jiwe zito, mshushe kutoka sitahani, yaani sakafu ya daraja, hadi chini ya mto, mbele ya kila nguzo upande maji yanakotokea, na kwenye vitako vyote viwili, yaani kuta za kingoni zinazobeba ncha za daraja. Wekeni alama ya rangi pa kushushia ili mpime pale pale kila mara. Pimeni kabla ya mvua na baada ya kila mafuriko. Ila jihadharini: mafuriko yakiwa juu yanachimba, yakipungua yanajaza tena kwa mchanga mwepesi, kwa hiyo kamba peke yake inaweza kuwaambia kuna usalama wakati hakuna. Maji yakishuka ingieni na nondo, mchome kando ya msingi. Ikizama bila kugonga kitu kigumu, hapo palichimbwa. Wekeni mawe makubwa kuzunguka msingi, lakini msizibe nafasi ya maji kupita. Njia ya maji ikibanwa kasi huongezeka, na mtakuwa mmehamishia balaa kwenye nguzo ya pili.

Magogo na matawi yaliyonasa kwenye nguzo yaondolewe mapema, maji yakiwa madogo. Rundo la takataka hufanya kazi ya ukuta: husukuma daraja zima na kuelekeza maji kwenye kitako. Vivyo hivyo maji ya barabara. Daraja huwa bondeni, kwa hiyo barabara huteremka kulielekea kutoka pande mbili na kumwaga maji yake nyuma ya vitako, hadi udongo wa kujazia ukasombwa na pengo likabaki kati ya barabara na sitaha. Yatoeni maji hayo kwenye mifereji kabla hayajalifikia daraja.

Kisha mbao. Boriti huoza kwanza kwenye ncha zake, pale zinapolala juu ya kitako na kugusana na udongo wenye unyevu. Toeni udongo wote hapo, mfikie mbao kwa macho. Piga kwa nyundo: mbao nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hutoa sauti ya uvungu. Choma kwa kisu, na kikizama sentimita mbili bila nguvu, boriti hiyo isibebeshwe lori tena. Angalieni na mapito ya mchwa. Sitaha ifagiliwe tope na mchanga, kwa sababu vinashika unyevu, na nafasi za sentimita moja hivi kati ya ubao na ubao zibaki wazi maji yapite. Misumari iliyochomoza irudishwe au ibadilishwe, mbao za kukanyagia magurudumu zibadilishwe zikichakaa kabla magurudumu hayajaanza kuila sitaha yenyewe.

Mpaka mhandisi alikague, wekeni kibao pande zote mbili: gari moja kwa wakati, mwendo wa polepole. Kikomo cha uzito akiandike mhandisi, msikikisie. Na yapo mambo ambayo mkiyaona mnalifunga siku hiyo hiyo bila kungoja kikao: nguzo imeinama au imeshuka, ufa mpya umepita kwenye mawe ya nguzo au kitako, boriti imepasuka au imepinda kuliko zenzake, maji yamefika kwenye boriti. Wekeni magogo barabarani kabisa, si utepe, na mtu wa kukaa hapo usiku. Watu wenye haraka watasema maji si mengi. Waambieni kwamba maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuichukua gari ndogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi makubwa kuliko hiyo.

Kazi ya mwisho ni barua. Barabara ina mwenyewe kisheria, na kabla ya kuchimba mtaro hata mmoja mwandikieni msimamizi wake kuomba ridhaa. Wengi hufurahi, na baadhi ya mamlaka zina utaratibu wa kuwapa vikundi vya jamii mikataba ya matunzo, jambo ambalo lingewapa watunzaji wenu ujira wa kudumu. Katika barua hiyo hiyo ambatanisheni vipimo: mgongo kila mita 100, unene wa changarawe kila nusu kilomita, hali ya kila kalavati, kina cha msingi wa daraja kwa tarehe. Ombeni mambo mawili tu, mhandisi wa kukagua daraja na changarawe kwa vipande vilivyo chini ya sentimita 5, mkitaja kilomita ya kuanzia na ya kuishia. Ifikisheni kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa, nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa, na mmoja wenu arudi ofisini baada ya mwezi mmoja kuuliza imefikia meza ya nani.